Kwa Nini Nyamburi Hakufika Dodoma

S.L.P. 1183,
Musoma.
20 Agosti, 1995.

Mpendwa Dada Petronila,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea salamu zetu kutoka hapa Mwisenge. U hali gani? Na shemeji Stanislausi je, mgongo umemwachia? Uliandika kwamba alikuwa hawezi hata kuinama afunge kamba za viatu. Mama alipolisikia hilo aliniagiza nimwambie atafute mafuta ya kondoo ajichue akitoka kuoga, asilalie godoro laini. Nimefikisha kama nilivyotumwa.

Sisi huku ni wazima. Mihogo ya mama mkwe kule Kiriba imestahimili jua, lakini mahindi ya Mama pale Mwitongo yalikauka yakiwa yanatoa mbelewele. Amevuna mtama kidogo, na anasema utamtosha kwa kuwa yuko peke yake. Ziwani magugu maji yameziba mwalo, mitumbwi inapita kwa kusukumwa na miti. Dagaa wapo siku moja, siku mbili hawapo.

Barua yako ya tarehe 2 Julai niliipata. Imenichukua wiki saba kuijibu, na si kwa dharau. Nilitaka kuandika nikiwa na jambo la hakika mkononi. Sasa ninalo.

Najua ulisimama stesheni ya Dodoma tangu asubuhi, gari moshi likachelewa mpaka jua limepinda, halafu Florian akashuka peke yake na kifurushi cha dagaa. Ulipomwuliza mtoto yuko wapi, alikujibu, "Apolinary kakataa," basi. Unamfahamu huyu mtoto wa baba mdogo, maneno kwake ni kama kung'olewa jino. Nilikuwa nimempa barua fupi ya kukueleza. Anasema aliiweka kwenye koti na koti likaibiwa Tabora. Ningekuwa na akili timamu siku zile ningekwenda posta nipige telegramu. Sikufanya hivyo, na kwa hilo naomba unisamehe.

Katika barua yako umeniuliza mambo mawili: kwa nini nimekunyima mtoto baada ya kukubali kwa kinywa changu, na mpaka lini nitakaa nyumbani kuchezea udongo na watoto wakati shemeji amenihangaikia kazi Bunda. Maswali yote mawili jibu lake ni moja, lakini ni refu kidogo. Naomba usome mpaka mwisho.

Nilipopunguzwa kazini mwezi wa tisa mwaka jana, nilikuwa karani wa stoo ile kwa miaka kumi na miwili. Nilijua kila msumari ulipo. Siku ya kwanza ya kukaa nyumbani, mama mkwe aliyekuwa anatulelea watoto alirudi Kiriba kulima, maana hakukuwa tena na sababu ya yeye kukaa hapa wakati baba mtu yupo. Hyasinta wangu akaongeza biashara yake ya dagaa. Anaanika hapa nyuma ya nyumba, na mara tatu kwa wiki anapeleka magunia Bunda. Mimi nikabaki na Nyamburi na Masatu.

Sikuwahi kukueleza miezi ile ya mwanzo. Ilikuwa mibaya. Watoto walinitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilikaa kwenye kiti nikisoma gazeti la wiki iliyopita, nikiwataka wakae kimya, na kufikia saa nne Masatu amemwaga maji ya kunywa, Nyamburi amepanda juu ya magunia, mimi nimeshachapa wote wawili. Jioni Hyasinta akirudi nilikuwa nimechoka kuliko yeye aliyebeba mizigo. Mlango nilikuwa naufunga, ili majirani wasinione na ufagio.

Jirani yetu Mama Jenoveva, yule mjane wa nyumba ya bati jekundu, alisikia vilio siku nyingi akavumilia. Siku moja akaja mlangoni akabisha hodi, akasimama hapo hapo nje.

"Baba Nyamburi," akasema, "mtoto akikosa kazi anakutafutia wewe kazi. Wape cha kufanya."

"Nitawapa nini? Sina hata shilingi ya kununua mpira."

"Nani kakwambia ununue?"

Akaondoka. Nilikasirika kwanza. Lakini kesho yake niliwaweka chini na ungo wa dagaa, nikawaambia watoe vijiwe, makombe ya konokono na vifuru, visamaki vya aina nyingine, vilivyojichanganya. Dada, walikaa mpaka adhana ya mchana. Masatu ana miaka minne, alikuwa anatoa dagaa anaacha vijiwe, lakini alikaa. Nyamburi alisafisha ungo mzima, jiwe hata moja halikumponyoka. Hyasinta alipopeleka wale Bunda, mteja wake aliuliza siku hizi anachambua nani.

Kutoka hapo nikawa naamka nikiwaza: leo tufanye nini ambacho hakitaki hela? Utacheka, lakini niliyafikiria kama nilivyokuwa nafikiria stoo. Tukafua nguo pamoja, kila mmoja na karai lake, ingawa la Masatu lilikuwa kopo. Tukachimba udongo kwenye kichuguu cha njia ya kwenda ziwani, tukafinyanga ng'ombe, tukawajengea boma la vijiti. Masatu kila jioni anahesabu ng'ombe wake na kila jioni anapata idadi nyingine. Tukaenda mwaloni kuangalia mitumbwi inavyoingia, bila kuingia majini, maana kichocho kipo na mamba hajahama.

Mchezo walioupenda kuliko yote ni wa jiwe. Unalijua lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, ambalo Hyasinta anaanikia. Likiwa tupu na limepata jua, nilikuwa nawapa brashi kuukuu ya chokaa na maji kwenye kopo. Mtu anachora haraka, maana jiwe linakunywa maji na picha inapotea ukiiangalia. Masatu alikuwa hamalizi hata kichwa cha ng'ombe. Nyamburi alikuwa anamaliza ng'ombe, ndama na mchungaji, na bado anao muda wa kuwaangalia wakipotea. Nilianza kuona kwamba huyu mtoto ana macho makali sana, na mikono yenye akili.

Ila ubishi wake ulikuwa unanimaliza. Unamwita, hageuki. Unamtuma chumvi, analeta chupa. Ukimkaripia anakutazama tu usoni. Sote tulikuwa tumempa jina, kichwa ngumu. Siku moja mwezi wa tatu wingu lilikuja ghafla, nikapiga kelele kutoka mlangoni, "Nyamburi, vuta mkeka wa dagaa!" Alikuwa amenipa mgongo hatua kumi tu kutoka nilipo, akaendelea kuchora. Mvua ikawalowesha dagaa wote. Nilimchapa siku ile mpaka Mama Jenoveva akaja kunishika mkono.

Ubishi huo ulikuwepo tangu Krismasi, na ndiyo maana ulipokuja ukasema mtoto huyu anahitaji nyumba yenye utaratibu, nilikubali haraka. Nilijua wewe ni mwalimu na unaweza kumnyoosha. Na shemeji alipoandika mwezi wa tano kwamba wale wanunuzi binafsi wa pamba wanataka karani wa msimu pale Bunda, tuliona Mungu amepanga: mimi niende Bunda katikati ya Juni, Masatu aende kwa Mama Mwitongo, Nyamburi aje kwako na Florian. Kila kitu kilikuwa tayari. Nguo zake Hyasinta alishazifunga kwenye kitenge.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, siku nne kabla ya safari. Hyasinta yuko Bunda. Watoto walitaka mchezo wa kuitana. Mmoja anafungwa kitambaa machoni, wengine wanamwita, naye anafuata sauti mpaka amshike aliyeita. Masatu anaupenda sana. Nyamburi kila mara alikuwa anakisukuma kitambaa juu kidogo ili achungulie, na kila mara nilimwambia anadanganya. Siku ile nikamfunga mwenyewe kwa khanga ya mama yake, nikaikaza vizuri.

"Leo hakuna kuchungulia," nikamwambia Masatu, naye akacheka akaruka pembeni.

Akaanza kumwita. "Dada! Dada Nyamburi! Niko hapa!"

Nyamburi alinyoosha mikono, akatembea kuelekea ukutani. Masatu alikuwa upande mwingine kabisa. Nikajua ameamua kuharibu mchezo. Nikaenda nyuma yake, hatua mbili, nikamwita kawaida. Kimya. Nikamwita kwa nguvu, kwa sauti ile ya kumtisha. Mama Jenoveva aliinua kichwa kwenye uzio wake. Nyamburi alisimama hapo hapo na mikono yake mbele. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu likaanza kwisha.

"Baba," akasema, "mmekwenda wapi?"

Dada, nilikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kumshika nywele.

"Baba, msiniache."

Nikachukua mfuniko wa sufuria nikaugonga kwa mwiko nyuma ya kichwa chake. Aligeuza uso kidogo upande wa kulia, kama mtu aliyepulizwa na upepo. Basi. Nikamfungua khanga. Alikuwa analia bila sauti. Nikamwambia, "Niko hapa, mwanangu, nilikuwa hapa," na ndipo nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele yangu miezi tisa. Hakunitazama machoni. Alinitazama mdomo.

Niliketi kwenye lile jiwe, likaniunguza, nisiondoke. Masatu akaniuliza kama mchezo umekwisha. Kila kipigo nilikikumbuka na siku yake, kuanzia ule mkeka wa dagaa. Nakumbuka na ile Krismasi ulipomwita kutoka jikoni akuletee maji, akakaa kimya, ukampiga kofi. Silitaji kwa kukulaumu. Wewe ulimpiga mara moja kwa siku tano ulizokaa naye. Mimi ni baba yake, nakaa naye tangu jua linachomoza.

Jumatatu nilimpeleka hospitali. Nilikuwa mwanamume peke yangu kwenye benchi lile la akina mama na watoto wao, na nilikaa. Daktari alikuwa kijana mpole, akamulika masikio yote mawili kwa muda mrefu.

"Aliwahi kuugua surua?" akauliza.

"Ndiyo. Alikuwa na miaka miwili."

"Na masikio yakatoa usaha?"

"Yalikuwaga yanatoa, yanakauka, yanarudi tena. Tulikuwaga tunapangusa tu."

Alinieleza taratibu. Sikio la kushoto limeharibika, ngoma yake haipo, hilo tusilitegemee. La kulia ngoma ina tundu dogo, na usaha bado umo. Likikauka kabisa, na likakaa kavu, tundu linaweza kuziba, na mtoto akasikia kiasi. Lakini kulikausha ni kazi. Unachukua kitambaa laini kilichochemshwa, unakisokota kama utambi, unakiingiza taratibu, kinanyonya, unakitoa, unaweka kingine, mpaka kitoke kikavu. Mara nne kwa siku, kwa miezi miwili au mitatu, bila kuruka. Maji yasiingie, mafuta yasiingie, majani ya mtu yeyote yasiingie.

"Mchana nani anakaa na mtoto?" akaniuliza.

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi ana bahati," akasema, akaandika dawa.

Tangu nipunguzwe kazini, mtu alikuwa hajaniambia neno la namna ile. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jengo kidogo kabla ya kurudi nyumbani.

Jioni nilimweleza Hyasinta. Usifikiri aliunga mkono mara moja. Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua uso.

"Dodoma kuna hospitali kubwa," akasema. "Na wifi ni mwalimu, ana mpango kuliko sisi. Kazi ya Bunda nayo haitakungoja."

"Dada anaingia darasani asubuhi anatoka mchana. Saa nne nani atamkausha? Na mtoto huyu anasoma midomo yetu, Hyasinta. Ametuzoea sisi. Ukimpeleka kati ya watu ambao midomo yao haijui, atakuwa kama amefungwa khanga tena."

Alitoa vijiwe viwili, akavitupa pembeni. Kisha akasema, "Mimi nimemzaa, na sikujua." Akafuta macho kwa mkono wenye magamba ya samaki, akaendelea kuchambua. Mwishowe akasema, "Kesho nitapita mwenyewe kwa yule bwana wa pamba nimwambie asikutegemee."

Alikwenda. Yule bwana alisema hata wiki moja hangoji, pamba inaanza, akampa mtu mwingine. Naomba umwambie shemeji kwamba sikuidharau jitihada yake. Nilijua naacha nini. Ningeweza kwenda Bunda nikapata mshahara, na sikio lile likaoza. Kazi ya namna ile huenda ikapatikana tena msimu mwingine. Sikio la kulia la Nyamburi lilikuwa moja.

Siku ya safari nilimsindikiza Florian stendi, yeye na mkoba wake. Nguo za Nyamburi tulikuwa tumeshazifungua.

Kwa hiyo hivyo ndivyo ninavyoshinda, dada, ukitaka kujua. Asubuhi nachemsha vitambaa, navianika peke yake kwenye kamba ya juu. Nakausha sikio watoto wakiamka, saa nne, saa nane, na kabla ya kulala. Wiki ya kwanza alikuwa anakimbia. Wiki ya pili Masatu alijiteua kuwa mshika kitambaa, akakaa amekipakata kwenye mikono miwili kama mtumishi wa altare, na Nyamburi akaona aibu kukimbia mbele ya mdogo wake.

Michezo yetu nayo tumeibadilisha. Kuitana kwa kufumba macho tumekuacha. Tunapiga debe tupu, na Nyamburi anaweka viganja juu yake, anasikia mdundo kwa mikono, halafu anaurudia vile vile. Ninasema neno bila kutoa sauti, wao wanalitaja. Hapo anatushinda wote, pamoja na watoto wawili wa Mama Jenoveva ambao siku hizi wanashinda hapa kwangu mama yao akienda sokoni. Wanabisha kwamba anadanganya. Nawaambia hadanganyi, jitahidini kuangalia. Masatu amejifunza mwenyewe, bila kuelekezwa, kumgusa dada yake bega kabla ya kumsemesha.

Wale wazee wa bao pale njia panda wamenipa jina, Mama Masatu. Zamani nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba za watu ili nisipite hapo. Siku niliyotoka hospitali nilipita mbele yao na mtoto mgongoni, na mmoja akaniamkia, "Mama Masatu, habari za jikoni?" Nikamjibu ni nzuri, nikaendelea na safari. Tangu hapo napita hapo hapo. Wameanza kuchoka.

Tarehe 8 mwezi huu tulirudi kwa daktari. Sikio la kulia ni kavu wiki tatu sasa. Tundu limepungua, na anasema huenda likaziba lenyewe ikiwa halitapata maji wala mafua makali. La kushoto ndiyo hivyo. Hatasikia kama wewe na mimi, na nimeamua nisikudanganye kwa kusema amepona. Ukimsemesha kwa karibu, upande wa kulia, anaitika hata kama hakuoni. Ukiwa mbali, lazima akuone.

Nilikwenda shule ya msingi kuonana na mwalimu wa darasa la kwanza, kwa kuwa Januari atakuwa ametimiza miaka saba. Mwalimu ni mama wa makamo, mkali kidogo kama wewe. Akamwambia Nyamburi apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Mwalimu alikuwa anaangalia daftari wakati akisema, kwa hiyo mtoto hakujua kaambiwa nini, akasimama tu. Nikamwomba mwalimu aseme tena akimtazama. Alisema. Mkono ulizunguka, ukafika, vidole vikashika sikio la kulia barabara. Mwalimu akanitazama, akaandika jina, na kando yake akaandika kwa kalamu nyekundu: akae benchi la mbele. Huyo ni mwalimu wa kwanza niliyemweleza, na hatakuwa wa mwisho, lakini sasa najua namna ya kueleza.

Florian aliporudi aliniambia ulikuwa umemtandikia kitanda karibu na dirisha, na gauni la shule ulishashona. Hilo limeniuma kuliko maneno yote ya barua yako. Sitaki ukae na moyo kwamba nimekunyima mtoto. Nyamburi ni wako kama alivyokuwa. Nilichomnyima ni safari. Shule zikifungwa njoo wewe, ukae hapa hata wiki mbili. Utamkuta anajua kuandika jina lake na la Masatu, na nataka wewe, mwenye ujuzi, unionyeshe namna ya kuendelea, maana mimi nafundisha kwa kubahatisha.

Kuhusu kazi, natafuta. Kuna mzee mmoja wa mashine ya kusaga hapa Mwisenge anataka mtu wa kumwekea daftari asubuhi mbili kwa wiki, na amekubali nije na watoto. Hiyo inanitosha mpaka Januari. Hyasinta anasema mkono wangu wa kuanika dagaa sasa umekuwa mzuri kuliko wa karani, sijui kama ni sifa.

Nina jambo moja zaidi, halafu nikuache. Mwishoni mwa Julai tulikuwa mwaloni, mimi na watoto wangu wawili, tumekaa juu ya mawe tunahesabu mitumbwi. Juu ya mti mkavu alikuwepo furukombe, yule mwenye kichwa cheupe. Wapo siku zote, Nyamburi ameshawachora mara nyingi, na kila mara anawachora kichwa kimerudi nyuma na mdomo wazi. Ndege akainua kichwa akalia mara tatu. Nilihisi shati langu linavutwa. Nyamburi alikuwa amesimama, ameziba sikio lake la kushoto kwa kiganja, la kulia amelielekeza juu ya mti.

"Baba," akasema, "kumbe anaita? Mimi nilikuwaga najua anapiga miayo."

Tulikaa pale mpaka saa saba. Kila ndege yule alipolia, alinitazama kuhakikisha kwamba na mimi nimesikia.

Mama anakusalimu kutoka Mwitongo, anasema mtama wa uji wako ameuweka kando na panya hawajaufikia. Mama mkwe wa Kiriba anakusalimu. Hyasinta anakusalimu sana, na anakuomba radhi kwa lile gauni. Mama Jenoveva anakusalimu, ingawa hajakujua vizuri. Masatu anataka kujua kama Dodoma kuna ziwa. Nimemwambia hakuna, akasema pole. Mfikishie shemeji salamu zangu na shukrani, na wanao wote wawili wakiandika kutoka vyuoni waambie mjomba wao yupo na ni mzima.

Mungu Baba akulinde uingiapo darasani na utokapo, akupunguzie hasira zako juu yangu, na atukutanishe tungali na afya.

Mimi mdogo wako nikupendaye, nisiyeacha kukuheshimu,

Apolinary